Miruko Thelathini

4 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni, kwa sababu meza ya sebuleni nimeijaza pampu na mipira ya mashine. Mimi mzima, kile kikohozi cha mwaka jana kimekwisha. Mama Kidoto anakusalimu, na Kidoto naye anakusalimu. Ana miaka minane sasa na meno mawili ya mbele yameng'oka, akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Dada hajambo? Bado mnagombea redio? Na jirani yako mshonaji, cherehani yake bado inakuamsha kabla ya jogoo?

Kazi ni ileile. Mashine ya kuchuja damu ikigoma kwenye hospitali yoyote ya kanda hii, mimi ndiye ninayeitwa. Mgonjwa wa figo hawezi kuambiwa arudi wiki ijayo, kwa hiyo napanda ndege ya kwanza inayopatikana, nafungua mashine, nabadilisha kilichokufa, napima maji, narudi. Wiki iliyopita nimepanda ndege tano. Nimeanza kuwafahamu wahudumu kwa sura, ingawa wao hawanifahamu.

Najua utasema mbona nisipige simu. Kila ukinipigia nipo kwenye foleni ya ukaguzi, viatu mkononi na mkanda mdomoni. Tena jambo lenyewe ni la hesabu, na wewe hesabu unazitaka kwenye karatasi.

Jambo ni hili. Ndege zote ninazopanda ni za mashirika matatu yaliyo kwenye muungano mmoja: Mkia Mwekundu, Mistari na Jani. Kila moja lina mpango wake wa pointi. Nina kadi ya rangi ya fedha ya Mkia Mwekundu, ambayo faida yake ni kupewa kiti cha dirishani na tabasamu. Mwaka huu nataka dhahabu. Ukiwa na dhahabu unaingia launji ya shirika lolote la muungano, una kiti, una chai, una mtu wa kukukaribisha mlangoni. Nimechoka kula mkate nimesimama karibu na geti. Ofisini kila mtu ana lake: huyu anasema hama, yule anasema usihame. Nikakumbuka kwamba kwetu kuna mtu aliyekaa nyuma ya kaunta ya tiketi miaka thelathini na moja. Nisaidie, Mama mdogo. Niandikishe miruko yangu kwa nani?

Mwanao,
Spana

27 Februari

Spana wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika ikiwa na muhuri wa posta mbili na alama ya kiatu. Nimeisoma mara tatu. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na keki, na tangu siku ile hakuna aliyeniuliza swali hata moja la tiketi, isipokuwa mshonaji aliyetaka kujua kama ndege ina choo.

Huku wote wazima. Dada yako hajambo, redio bado ni vita, anataka muziki na mimi nataka taarifa. Nyumba imejaa kelele. Mwambie mama Kidoto nimefurahi kupata salamu zake, ila mkono wake siku hizi mzito. Zamani aliongeza mistari yake miwili chini ya barua yako.

Haya, fungua masikio. Kosa la kwanza la watu wa ofisini kwenu ni kudhani kwamba ukipanda Mistari lazima pointi ziende Mistari. Siyo. Muungano maana yake ni panda zote, andikisha moja. Na dhahabu ni dhahabu, mlinzi wa launji hakuulizi uliipata kwa nani.

Sasa Mkia Mwekundu. Hao wanahesabu maili. Ni wazuri kwa mtu anayevuka bahari, kwa sababu akienda na kurudi mara tano tu amemaliza. Wewe unaruka dakika hamsini kwenda mji wa pili na kurudi, utahesabu maili mpaka uote mvi. Halafu tiketi za bei ya chini wanazipa robo. Ruka maili mia nne, uandikiwe mia! Umekuwa kwao muda wote huu na ulikuwa unajaza maji kwenye pakacha.

Mistari wanahesabu bei ya tiketi. Bosi wako ninamfahamu kwa barua zako tu, lakini mtu anayemweka fundi kwenye kiti cha karibu na choo hanunui tiketi ya kukupa dhahabu. Halafu wana kituko chao. Mwenye dhahabu ya Mistari akisafiri ndani ya nchi haingii launji ya Mistari, lakini mwenye dhahabu ya Jani anaingia. Mgeni anakula, mwenye nyumba anachungulia dirishani. Nilipigiwa kelele kwa ajili ya kanuni hiyo miaka mingi, na wala sikuitunga mimi.

Jani ndio wako. Jani hawajali maili wala bei, wanahesabu miruko. Thelathini ndani ya mwaka, kuanzia Januari mpaka Desemba, mirefu kwa mifupi, kwa ndege yoyote ya muungano. Haba na haba hujaza kibaba. Jambo la kuangalia ni herufi ya daraja, ile iliyoandikwa peke yake kwenye tiketi. Soma herufi kabla hujasoma bei. Kuna herufi ambazo hawazihesabu hata uruke mpaka mwezini.

Tena Jani wana kitu kinaitwa kapu la familia. Watu wa anwani moja wanaweka pointi zao pamoja. Mama Kidoto akienda kwao mara moja na mtoto, hizo ni za kwako pia. Waingize wote wawili.

Utakuja lini? Tangu tumzike mama yako umekuja mara moja, na ulilala usiku mmoja. Kitanda chako kipo.

Mama yako mdogo

30 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Nilikuta barua yako chini ya mlango niliporudi kutoka safari ya siku kumi na mbili, imelala juu ya matangazo ya watu wanaouza mapazia. Mama Kidoto yuko salama, ana shughuli nyingi. Kidoto anajifunza kuogelea.

Nimefanya ulivyosema. Nimehamia Jani na wameshaniandikia miruko saba. Nimebandika karatasi kwenye mlango wa friji na kila nikirudi naongeza mstari. Huko ofisini nimekuwa sheikh wa pointi, wanakuja mmoja mmoja kuniuliza herufi za tiketi zao, nami najibu kama nilizaliwa kwenye kaunta. Nikakuiga hata ile sauti yako ya "soma kwanza ndugu yangu." Wamecheka.

Nimeanza hata kutafuta miruko ya ziada. Wiki iliyopita kulikuwa na ndege ya moja kwa moja kutoka hospitali ya mwisho mpaka huku, nikaiacha, nikachukua inayopitia mji mwingine, ili iwe miwili. Nimechelewa kufika kwa saa tano, lakini mwenda bure si mkaa bure. Na huku hapakuwa na haraka.

Kuhusu kapu la familia, tuliache kwanza. Fomu zina mambo mengi.

Kuja nyumbani nataka sana. Tatizo ni kwamba ndege zinazokuja huko haziko kwenye muungano, siku nne za likizo zitaniondolea miruko miwili au mitatu ya kazi na safari yenyewe hainipi hata mmoja. Mwaka huu niachie nitafute dhahabu, mwaka ujao nitakuja kwa raha.

Spana

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilitegemea utanipa tarehe, umenipa hesabu. Sawa, mimi ndiye niliyekufundisha.

Huku salama, dada yako anakusalimu kutoka chumba cha nyuma, anasema ukija ulete sabuni nzuri. Mvua imeng'oa bati moja la choo cha nje na mshonaji amelirudisha mwenyewe akiwa na sindano mdomoni.

Nimekwenda kwa yule aliyekaa kaunta namba nne, karibu yangu, ambaye bado ana ofisi yake ndogo ya tiketi, nikachukua fomu ya kapu la familia. Nimeijaza kila mahali isipokuwa pa mama Kidoto kutia sahihi. Nimeikunja ndani ya barua hii. Haina mambo mengi. Ina mistari sita. Mtu anayeweza kuunganisha mirija ya mashine ya figo hawezi kushindwa na mistari sita, kwa hiyo kama kuna jambo, liseme.

Na kuna habari nyingine. Jani wanaanza kutua hapa kwetu mwezi wa sita. Jumatano na Jumapili, kwenda na kurudi. Ndege inaingia saa nne asubuhi, inaondoka saa nane na dakika kumi mchana. Nilipoambiwa nilipiga makofi pale ofisini kwa mwenzangu, watu wakanigeukia. Basi kile kisingizio chako kimekufa, Mungu akilaze pema. Kuja nyumbani sasa ni miruko miwili halali.

Nimefua mapazia ya chumba chako.

Mama mdogo

8 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya, kazi zimenibana. Wote wazima huku.

Jani wananidhulumu. Mpaka leo nimeruka mara kumi na tisa na wao wameandika kumi na tatu. Nimewaandikia, wananijibu kwa barua zilezile zinazoanza na "mpendwa mteja." Wewe ulikuwa unashughulikia malalamiko, unajua wanachokisikia. Nimekuwekea kwenye bahasha vile vipande vya pasi ninavyobaki navyo baada ya kupanda ndege. Ni vyote, sikupata nafasi ya kuvichambua, nimevitoa kwenye droo na kuvitia humo. Tafadhali niangalizie ni ipi sita iliyopotea na uniandikie barua ya kuwabana.

Nikipata hiyo sita, dhahabu ninaiona kabla ya Novemba.

Spana

2 Septemba

Spana,

Nimechelewa kujibu. Wewe nawe ulikaa kimya, kwa hiyo tusidaiane.

Kazi yako kwanza. Sita iliyopotea nimeipata. Minne ni ya Mistari ya mwezi wa tano, ambapo karani aliandika namba yako ya zamani ya Mkia Mwekundu. Hiyo utarudishiwa yote. Miwili ina moja ya zile herufi nilizokuonya kwamba hazihesabiwi, hiyo isahau, ofisi yenu ilinunua tiketi za kundi. Barua ya kuwabana nimeiandika, iko ndani, tia sahihi utume. Usibadilishe neno. Pale nilipoandika "nitashukuru kupata jibu ndani ya siku kumi na nne" usiweke "tafadhali."

Sasa langu.

Vipande vya pasi nimevitandaza mezani kwa tarehe, kama nilivyofanya kazini miaka yote. Kila kipande kina herufi tatu za uwanja unakotoka na herufi tatu za unakokwenda. Mwanangu, zile herufi tatu za uwanja wetu nimeziandika kwa mkono wangu kwenye tiketi za watu kabla wewe hujajua kutembea. Ulifikiri nitazipita?

Jumatano, tarehe 12 Juni. Jumapili, tarehe 23 Juni. Jumatano, tarehe 3 Julai. Mara tatu umepanda ndege ya Jani kutoka hapa kwetu, saa nane na dakika kumi. Na ndege hiyo unaijua inaingia saa ngapi kwa sababu mimi ndiye niliyekuandikia. Umekaa hapa muda wa saa nne na dakika kumi, mara tatu. Kutoka uwanjani mpaka mlangoni kwangu ni dakika ishirini na tano, thelathini kukiwa na foleni. Ungekuja, ungeoga, ungekula, ungelala kidogo kwenye kile kitanda, na bado ungerudi ukaipata ndege yako na miruko yako.

Hukuja. Hukupiga simu. Tarehe 8 Julai, siku tano tu baada ya mara ya tatu, ukaniandikia "kazi zimenibana."

Nilipoviona, nilivikusanya nikavirudisha kwenye bahasha, nikasema labda nimesoma vibaya, macho yamechoka. Nikavitoa tena kesho yake. Wiki nzima nimefanya mchezo huo. Nimeumia, Spana. Sina neno lingine la kulipamba.

Sitakutukana. Nataka kujua nimekukosea nini. Kama kuna neno nilisema siku ya mazishi, au baada yake, nililosema bila kujua, liandike hapa nilione. Mama yako aliniachia wewe, na mimi sina habari ni lini nilikupoteza.

Fomu ya kapu nayo hujaniambia kitu tangu Aprili.

Mama yako mdogo

21 Oktoba

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi. Nimeianzia hotelini mara mbili na ndani ya ndege mara moja, jirani yangu akawa anasoma, nikaikunja.

Hukunikosea kitu. Hata kidogo.

Mama Kidoto ameondoka. Si juzi. Ni Januari ya mwaka jana, mwaka mmoja na miezi tisa sasa. Amehamia mji mwingine na Kidoto. Hakukuwa na ugomvi, hakuna aliyemfumania mwenzake. Nilirudi safari, nikamkuta amekaa kwenye kochi na masanduku mawili, akasema, "Nimechoka kuolewa na begi." Na begi lenyewe lilikuwa bado begani. Zile salamu zote nilikuwa nazitunga. Meno ya Kidoto niliyaona kwenye picha aliyonitumia. Kuogelea pia.

Ndiyo maana fomu haikurudi. Kapu la familia linataka watu wa anwani moja, na kwenye anwani hii nipo mimi na friji.

Sikukwambia kwa sababu ulimpenda. Mama alipokuwa anaumwa, ni yeye uliyemwita binti. Nilijua nikiingia tu mlangoni, kabla hujanipa kiti, utauliza "mwenzako yuko wapi?" Nilifanya mazoezi ya jibu na nikashindwa.

Tarehe 12 Juni nilikuwa nimeamua kuja. Wenye kuunganisha ndege wana mlango wao wa pembeni, ghorofa ya juu, wanakugongea muhuri wa siku moja unatoka. Nilipanga foleni, nikafika dirishani. Ofisa akaniuliza, "Unakwenda kwa nani?" Swali la kila siku. Nikafungua mdomo, nikasema, "Basi, nimebadili mawazo." Akanitazama kama mgonjwa. Nikarudi ndani, nikakaa sakafuni mbele ya mlango wa launji kwa muda wa saa tatu na nusu, nikiwaangalia wenye dhahabu wanavyoingia. Kuna dada wa mapokezi pale. Kila anayefika anamwambia, "Karibu, umefika." Mara mbili zilizofuata hata foleni sikupanga. Nilikwenda moja kwa moja kukaa palepale.

Nitakwambia kitu ambacho ni cha aibu kwa mtu mzima. Sikuitaka dhahabu kwa ajili ya chai. Nilitaka kuwe na mlango mahali fulani duniani ambapo nikifika, mtu ananiambia karibu.

Barua yako ya malalamiko ilifanya kazi, walijibu siku ya tisa. Mruko wa thelathini nimeutimiza tarehe 3 Oktoba. Kadi imekuja kwa posta ndani ya bahasha nzito. Wiki iliyopita nimeitumia kwa mara ya kwanza. Dada wa mlangoni, wa uwanja mwingine huyu, akaipitisha kwenye mashine, akasoma kioo, akasema, "Karibu tena, tulikukumbuka." Tena! Nikaingia. Nikachukua sahani, nikakaa kwenye meza ya viti vinne. Kila mtu mle ndani alikuwa na meza ya viti vinne na alikuwa peke yake. Nikaona kwamba mwaka mzima nimehangaika kutafuta mahali pazuri pa kuwa peke yangu, wakati nilikuwa napo tayari, bila kadi.

Mashine za watu nazitengeneza, Mama mdogo. Hii sijui niifungulie wapi.

Nisamehe.
Spana

11 Novemba

Spana wangu, mwanangu,

Marahaba. Nilikusamehe kabla sijageuza ukurasa. Pole. Pole sana, mwanangu. Nilikaa na barua yako mpaka chai ikapoa, nikaipasha tena, ikapoa tena. Nilimpenda mama Kidoto na bado nampenda, lakini wewe nilikuogesha kwenye beseni. Hata usingeniambia kitu, ningekuuliza mara moja, ungenyamaza, ningejua. Kisha ningekupa kiti.

Sasa na mimi nina langu, maana njia ya mwongo ni fupi na tulikuwa tunaikanyaga wawili.

Dada yako hayuko hapa. Alimfuata mumewe kazini mbali, Februari ya mwaka jana. Anapiga simu kila mwisho wa mwezi, ni mzima tu. Chumba cha nyuma nimekitia kufuli kwa sababu nikikiacha wazi nakwenda kusimama mlangoni bila sababu. Ugomvi wa redio niliutunga. Redio sasa ni yangu peke yangu, nasikiliza taarifa zangu zote mpaka mwisho, na hakuna raha yoyote. Nilikuandikia kwamba nyumba imejaa kelele ili usinihurumie. Nilitaka uje kwa kutaka kuja, si kwa kuja kumtazama mzee.

Kuna lingine, na hili ndilo lililonichelewesha mwezi wa nane. Kila Jumapili nakwenda uwanjani. Navaa koti langu la sare, lile la buluu, nimelitoa beji. Nakaa kwenye benchi la ukumbi wa chini, linalotazama mlango wa wanaofika, kuanzia saa tatu mpaka saa tisa. Walinzi wananijua, wananiita Bi Tiketi. Abiria wakiona koti wananiuliza teksi ziko wapi, choo kiko wapi, mzigo ukipotea wanafanyaje, nami nawaelekeza, na wengine wananishukuru. Siku sita za wiki hakuna anayeniuliza kitu. Jirani mshonaji anadhani nakwenda kanisani, na mimi sijamkatalia.

Umeshaelewa. Tarehe 23 Juni ilikuwa Jumapili. Wewe ulikuwa juu, sakafuni, mbele ya mlango wa watu wengine. Mimi nilikuwa chini, kwenye benchi, nawaangalia watoto wa wenzangu wakitoka. Sakafu moja katikati yetu, Spana. Nilitaka kuyaandika haya kwenye barua ya Septemba nikashindwa, kwa sababu ningekuwa lazima nieleze nilikuwa natafuta nini pale.

Sikuombi uje. Una kazi, wagonjwa wanakungoja.

Hapana, nadanganya tena na wino haujakauka. Njoo. Njoo na begi lako, sitakuuliza habari za mtu.

Mama yako mdogo

25 Novemba

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimeikuta barua yako chini ya mlango jana nilipoingia. Ilikuwa imefika nami sipo. Nimeisoma nimesimama, nikiwa na koti bado mwilini, na nikaisoma tena nimekaa chini palepale mlangoni. Ngoja nikwambie nilikuwa wapi.

Sikuingoja barua yako. Nilifikiri hutaniandikia tena. Jumapili ya wiki iliyotangulia, tarehe 17, nilikuwa na safari ya kazi, nikachagua ya Jani inayopitia huko. Nikapanga foleni ya mlango wa pembeni. Ofisa akauliza ninakwenda kwa nani, nikasema, "Kwa mama yangu mdogo." Akagonga muhuri. Nikateremka kwa ngazi ya nyuma, nikachukua teksi, dakika ishirini na sita.

Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikazunguka nyuma nikapiga kwenye dirisha la jikoni. Nikakupigia simu, nikaisikia inalia ndani, juu ya meza. Nikachungulia, nikaona kufuli kwenye chumba cha dada na mapazia ya chumba changu, yamefuliwa. Mshonaji akatoa kichwa dirishani akasema, "Jumapili hayupo huyo, anakwenda kanisani, anarudi jioni." Aliniletea kiti. Nilikaa kwenye kibaraza chako kwa muda wa saa moja na dakika arobaini, na begi langu miguuni, kama fundi aliyeitwa na mwenye nyumba akasahau. Nilidhani umenikimbia. Nilidhani umeniona kwa mbali ukapita njia nyingine, na nikasema ndani ya moyo wangu kwamba ni haki yako.

Kulikuwa na mashine mbili zimezima na watu kumi na mmoja wanaozitegemea. Nikamwomba mshonaji asikwambie kitu, nikasema nitaandika mwenyewe. Nikarudi uwanjani. Niliingilia mlango uleule wa pembeni, na kadi yangu ikanipeleka juu bila kupita ukumbi wa chini hata kwa hatua moja. Bila ile kadi ningepanga foleni pamoja na wengine, mbele ya benchi lako. Ningekuona na lile koti.

Leo asubuhi nimekwenda kwa bosi. Nimemwambia nataka wiki tatu. Akaanza kuhesabu hospitali kwa vidole, nikamwacha amalize, nikamwambia tena nataka wiki tatu. Amekubali. Mwenzangu atashika zamu zangu. Nimekata tiketi kwa shirika lolote lililokuwa na nafasi. Sikuangalia mkia wala herufi.

Nafika Jumapili, tarehe 15 Desemba, asubuhi. Usipike, usisafishe kitu, usimwambie mshonaji. Vaa koti lako uende kama kawaida, ukae kwenye benchi lako, uwaelekeze watu vyoo na teksi. Nitatoka na abiria wanaofika. Na nikifika mbele yako, kabla hujasimama, nitakuuliza mimi, maana ni zamu yangu: Mama mdogo, unamngoja nani?

Mwanao,
Spana